Kasoro Namba 412

Demo yetu ilikuwa ya dakika kumi na moja, na katika dakika hizo zote hapakuwa na kitu cha kufanya. Unashika pedi ya kuchezea, unatembea kwenye korido yenye maji ya mvua sakafuni, unasukuma mlango, unaingia kwenye chumba cha fundi cherehani, unatazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, basi. Hakuna adui, hakuna pointi, hakuna kushinda wala kushindwa. Walioiita mchezo walikuwa na macho makavu kweli. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watengenezaji wa michezo ya video nguvu ya injini yetu ya picha, ili waichukue wakatengenezee michezo yao wenyewe, ile ya kweli, yenye watu wanaokimbia na kufa.

Nitakuwa mwongo nikisema injini ilikuwa mbovu. Zamani mtu alikaa akapaka mwanga na kivuli kwa mkono, kitu kimoja kimoja. Injini yetu ilipiga hesabu yenyewe, ikajua taa ikiwaka hapa ukuta ule utapata wekundu kiasi gani. Nzuri, hongera. Lakini mwaka uliotangulia tulionyesha pango lenye maji. Mwaka wa nyuma yake tulionyesha uso wa mzee, kila tundu la jasho mahali pake, mzee akifumba na kufumbua macho. Kila mwaka ngozi inazidi kuwa ngozi, na mwenye ngozi hana la kusema.

Mimi nilikuwa mjaribu. Kutwa nzima niligonga kuta kwa kichwa, kwenye skrini, nione kama zitanipitisha. Ukuta ukinipitisha, hiyo ni kasoro: naipiga picha, naizungushia duara jekundu, naandika neno la kuieleza, naipa namba, naituma kwa wa kuirekebisha. Akishairekebisha inaandikwa "imefungwa", na tunaisahau. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, alipokisikia cheo changu alicheka hadi akaweka mkasi chini.

"Mjaribu? Mwanangu, kwenye vitabu vya dini mjaribu ni shetani."

"Huku ni kazi tu, mama."

"Na hicho unachokijaribu kinaitwaje?"

"Demo."

"Demu?"

"Demo, mama."

"Haya. Shetani na demu wake. Mungu awasaidie."

Mkubwa wetu tulimwita Mwanga. Alidhani ni sifa, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake: mwanga unaodunda ukutani, mwanga unaopenya kitambaa, mwanga wenye hisia. Sisi tulikuwa na maana yetu, ile ya watu wanaozunguka uchi usiku wakiroga majirani. Kila tulipomwita hivyo alitabasamu. Hajawahi kurekebisha hata kitasa cha mlango ndani ya demo ile, lakini aliweza kukaa nusu saa akitazama kikombe kwenye skrini, kisha akasema, "Hakiniambii kitu." Kikombe! Alitaka kimwambie nini?

Chumba cha fundi kilikuwa cha mama mdogo, na niliyekitoa ni mimi. Mwanga alitaka chumba halisi chenye historia, akatuuliza kikaoni nani anakijua cha namba hiyo, na mdomo wangu ukafunguka kabla ya akili. Nilisema nina mama mdogo, ni fundi cherehani, ameshona kwenye chumba kimoja miaka ishirini na sita, na jengo lenyewe linabomolewa mwezi ujao.

Mwanga alifumba macho. "Linabomolewa," alisema. "Safi sana."

Wapiga picha wawili walikwenda wakakaa siku mbili. Walipiga picha elfu tatu na ushei: dari, sakafu, cherehani, pasi, makopo ya vifungo, beseni, kila kitu kwa kila upande. Injini ndiyo huzishona picha hizo zikawa chumba unachoweza kutembea ndani yake. Mama mdogo aliwakatalia kwanza, hakutaka watu wakanyage vitambaa vya wateja. Mwanga akaenda mwenyewe, akamshika mikono yote miwili. "Mama," alimwambia, "hata wakilibomoa jengo, chumba chako kipo. Utaingia siku yoyote utakayo." Kwa maneno hayo akakubali, na alikubali kwa sababu moja tu.

Sababu ilikuwa ukuta. Juu ya cherehani yake alikuwa na mazoea ya kuandika vipimo vya wateja kwa penseli, moja kwa moja kwenye plasta, maana daftari hupotea na ukuta haupotei. Katikati ya vipimo vya watu palikuwa na mstari wa baba mdogo, mumewe. Baba mdogo aliugua miaka miwili. Kila alipokonda, mama mdogo alimpunguzia suruali yake ile ile ya kijivu ili asiishike kwa mkono akitembea, na kila alipoipunguza aliandika kiuno chake ukutani: thelathini na sita, thelathini na nne, thelathini na mbili, kushuka. Hakumlilia mbele ya watu. Alimpima.

Utasema angenakili kwenye karatasi. Namba zenyewe anazo kichwani, hata usingizini atakutajia. Alichokitaka ni zile alizoandika siku zile, kwa mkono ule, mumewe akiwa amesimama pale pale akimhimiza amalize haraka kwa sababu miguu inauma. Akamuuliza mpiga picha mmoja, "Na huu ukuta mtaupiga?" Mpiga picha akamjibu, "Mama, hadi vumbi lake." Basi akawapisha. Wiki mbili baadaye jengo likawa kifusi, naye akahamia chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani.

Mimi habari ya mstari wa baba mdogo sikuijua wakati huo. Nilijua ukuta una namba. Mtu yeyote aliyewahi kushonewa pale anajua. Nilikuwa mpwa mwenye shughuli nyingi, nikipita pale mara mbili kwa mwaka na kuondoka na gauni. Mpiga picha naye hakumwambia mtu. Alitumwa picha, hakutumwa habari.

Siku ya kuonyesha ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na skrini kubwa kuliko nyumba ya mama mdogo. Wageni walivaa vitambulisho shingoni na kuitana "ndugu" kwa sauti za watu wasiojuana. Mwanga aliniweka jukwaani niicheze mimi, si kwa mapenzi, bali kwa sababu ni mimi niliyeijua njia. Ukipinda kushoto pale penye beseni, unadumbukia chini ya sakafu, kwenye weupe usio na mwisho. Kasoro hiyo niliiandika mara tatu. Mwanga alijibu kwamba wageni hawatapinda kushoto.

"Humu ndani," aliwatangazia, "mnaweza kwenda popote!"

Nami nikaenda nilipoweza kwenda, ambapo ni pembamba kuliko ubao wa kupigia pasi. Kwenye korido nilisimama penye dimbwi, kama nilivyoelekezwa, taa ikajionyesha majini, upepo ukayatikisa maji, taa ikavunjika vipande na kujiunga tena. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Watu wazima, wenye shahada, wengine wenye wajukuu, walilipigia makofi dimbwi. Nje ya ukumbi ule mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na wote walikuwa wameyaruka madimbwi mlangoni huku wakisonya.

Kisha Mwanga akamwita mama mdogo. Alikuwa amemwalika ili apigwe picha. "Mwenye chumba!" alipaza sauti. Mama mdogo alipanda jukwaani na gauni la buluu alilojishonea kwa siku ile, kola imekaa sawasawa, viatu vimepakwa rangi. Waandishi wakasogea. Nilimpa pedi, nikamwonyesha: kidole gumba cha kushoto kutembea, cha kulia kutazama. Nilidhani atahangaika. Haikuchukua dakika, mtu aliyezoea kukanyaga cherehani taratibu anajua kukitii kifaa.

Alianza na pazia la dirishani, lililoongezwa na wenzangu. "Tazameni kitambaa!" Mwanga alikuwa hashikiki. "Kila uzi unajitegemea! Kila uzi unapokea mwanga wake!"

Mama mdogo alilizunguka pazia, akainama, akalitazama kwa chini. Kipaza sauti kilikuwa karibu yake.

"Halina pindo," alisema.

"Samahani, mama?"

"Pazia lenu halina pindo. Halina mshono popote. Hili wiki moja tu linachanika."

Watu wakacheka, na Mwanga akacheka kuwashinda wote, meno yote nje. Mimi pia nilicheka. Nilifurahi sana, nisifiche. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu amwambie yule bwana neno la maana mbele za watu.

Mama mdogo hakuwa akichekesha. Alikuwa ameshaliacha pazia, akaipita cherehani, akausogelea ukuta. Aliusogelea hadi ukajaza skrini nzima. Ukuta ulikuwa mzuri ajabu: plasta yenye nyufa nyembamba kama nywele, doa la unyevu pembeni, mwanga wa dirisha ukiteleza juu yake kwa ulalo hadi ungetamani kuugusa. Haukuwa na namba hata moja. Alitazama juu, akatazama chini, akarudi katikati. Alirudi nyuma hatua moja, akasogea tena, kama mtu anayedhani miwani ndiyo yenye shida.

"Namba ziko wapi?" aliuliza.

"Mama, tumekisafisha chumba," alisema Mwanga. "Si kinapendeza?"

"Nani aliwaambia ni kichafu?"

Mwanga alianza kupiga makofi, na wageni, kwa kuwa kazi yao ilikuwa hiyo siku ile, wakamfuata. Mama mdogo aliiweka pedi kwenye kiti, polepole, akashuka jukwaani na kutoka nje huku makofi yakiendelea.

Nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta wa ukumbi na mkoba wake kifuani. Ndipo aliponieleza, ndipo nilipozijua habari za suruali ya kijivu na namba zinazoshuka. Alieleza kwa ufupi, bila machozi, akitazama viatu vyake. "Niliambiwa nitaingia siku yoyote nitakayo," alisema. "Nimeingia." Kisha akaniomba nimwonyeshe njia ya kutokea.

Nilirudi ndani nikiwa nimepandwa na hasira. Mwanga alikuwa katikati ya wageni, amelowa jasho na furaha.

"Mama yako amewagusa sana," aliniambia. "Ile hisia! Waandishi wote wameichukua."

"Ule ukuta ulikuwa na vipimo vya marehemu mumewe. Mmevifuta."

Alifikiri kidogo. Nilimwona akifikiri, na nilidhani, mjinga mimi, anatafuta maneno ya kuomba radhi.

"Hilo ni jepesi," alisema. "Atutajie hizo namba, kijana yeyote wa picha ataziandika kwa siku moja, tutazizeesha kidogo. Hata yeye hatajua tofauti."

"Zizeeshe za baba yako," nilimwambia, nikaenda zangu ofisini.

Kwanza nilimwendea yule mpiga picha. Alikuwa akifungasha kamera zake. Aliniambia picha mbichi hazipo. Kwa amri ya Mwanga, chumba kikishapitishwa zinafutwa, maana zinajaza mashine. Elfu tatu na ushei, zote zimekwenda. Alisema hivyo huku akifunga zipu ya begi. Nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa.

Kisha nikamwendea yule tuliyemwita Plasta. Plasta ndiye aliyetengeneza kuta zote za demo, mtu mpole anayekula peke yake na kuvaa vidude vya masikioni hata kama havipigi kitu. Nilimsimamia mezani na kumuuliza ni mpumbavu gani aliyezifuta namba kwenye ukuta wa cherehani.

Alivua kidude kimoja. "Mimi sifuti kitu kwa kupenda," alisema. "Nafuta ninachoandikiwa."

"Nani aliandika?"

Alinitazama, akafungua orodha, akashuka nayo, akaisogeza skrini yake upande wangu. Kasoro namba 412. Mahali: ukuta wa cherehani. Tatizo: uchafu. Maelezo: mikwaruzo ya penseli, inavuruga mwanga, ifutwe. Hali: imefungwa. Chini kabisa, pa jina la aliyeandika, palikuwa na jina langu.

Niliikumbuka siku hiyo. Niliandika kasoro arobaini na moja kabla ya chakula cha mchana, nikajisifu mezani kwamba hakuna mjaribu mwingine aliyewahi kufika arobaini. Sikuusimamia ukuta ule hata nusu dakika. Namba niliziona. Sikuzisoma.

Fomu yetu ina orodha ya maneno, unachagua moja: mwanya, mpasuko, kivuli, maandishi, uchafu. Ningechagua "maandishi", Plasta asingegusa kitu kabla ya kuuliza ni ya nani, yanasema nini, yabaki au yatoke. Ndivyo tulivyokubaliana tangu mwanzo: maandishi huulizwa, uchafu hauulizwi. Mimi nilichagua uchafu kwa sababu uchafu hauna maswali na hunifikisha haraka kwenye arobaini.

"Nilidhani unajua," alisema Plasta. "Si nyumbani kwenu pale?"

Mwaka mzima nilikuwa nimewadharau wote: Mwanga na kikombe chake, wageni na dimbwi lao, mpiga picha na zipu yake. Niliamini kwamba katika jengo lile zima mimi peke yangu ndiye mwenye macho.

"Picha uliyoambatanisha bado ipo," aliongeza, kwa sauti ya chini. "Kasoro zikifungwa, picha zake hazifutwi."

Akaifungua. Ukuta ulikuwepo, kama ulivyokuwa siku ile kabla ya kusafishwa, na namba zote za mama mdogo, za wateja kulia na kushoto, na katikati mstari mmoja unaoshuka: 36, 34, 32, 31, 29. Mwandiko wake, saba zake zenye mkia, tisa zake zilizolala. Kuzunguka mstari huo, duara langu jekundu. Na juu ya sehemu ya chini ya duara, kwa herufi kubwa nyekundu, neno langu: UCHAFU. Neno hilo lilikuwa limefunika namba moja ya mwisho, haikusomeka.

Nilimuuliza Plasta kama anaweza kuliondoa neno na duara. Alijaribu kwa saa nzima, na ni fundi kweli. Aliweza kuondoa wekundu, lakini chini ya wekundu hapakuwa na kitu. Programu yetu huchoma alama ndani ya picha yenyewe. Alisema anaweza kubuni namba, akaijaza pale. Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo, na mimi nikatikisa kichwa. Akarudisha picha kama ilivyokuwa, akanitolea kwenye printa kwa karatasi kubwa.

Jumamosi asubuhi niliipeleka. Mama mdogo alikuwa kwenye chumba chake kipya, cherehani imesogezwa hadi dirishani, kuta tupu, nyeupe, safi kama za hospitali. Vipimo vya wateja alikuwa akiviandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Nilimwamkia, akaitikia, hakuacha kushona. Niliikunjua karatasi juu ya meza ya kukatia, nikaibana pembe moja kwa pasi na nyingine kwa mkasi.

Mguu wake ukasimama. Aliinuka, akavaa miwani, akainama juu ya karatasi. Alianza juu, akashuka kwa kidole, namba moja moja, bila kuzigusa. Nilisikia akitaja kwa kunong'ona, si namba, ila miezi. Kidole kikafika kwenye neno, kikakaa hapo.

"Nani kaandika hivi?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maelezo. Kwamba ni fomu, kwamba ni neno la kazi tu, kwamba vipande vya ukuta havina jina la mtu. Yote yalikuwa ya kweli.

"Mimi, mama."

Nilingoja anitukane. Ningeona nafuu.

"Ulitumwa?"

"Sikutumwa. Niliona penseli tu, sikusoma."

"Na kusoma nilikufundisha mimi," alisema. "Kwenye ukuta huo huo. Namba zako za kwanza ulizisoma pale, umesimama juu ya kigoda."

Hakusema kwa ukali, alisema kama anayetaja urefu wa mkono au upana wa bega. Kisha akachomoa penseli kwenye nywele zake, akailamba ncha, akaiinamia karatasi palepale penye neno langu. Mkono ukasimama hewani. Alikunja uso, akageuza kichwa na kunitazama, mimi niliyekuwa nimesimama kati yake na dirisha.

"Sogea," aliniambia. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea, naye akaandika 27.